Kasumbalesa: karatasi ya saa 72

Juma moja la mwezi wa nane 2024 lilirudisha mambo ambayo watu wengi wa Lubumbashi walifikiri yamekwisha. Kwanza Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo pale Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Sababu ilikuwa biashara: Kongo ilikuwa imekataza kuingiza bia na vinywaji vya sukari, watu wakaandamana Kasumbalesa, na wakubwa wa Lusaka wakaona heri wafunge. Baada ya siku chache mpaka ukafunguliwa. Lakini tarehe 14 ya mwezi huo huo, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, likatangaza kwamba mpox ni hatari kwa ulimwengu mzima. Na inchi iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko zote ilikuwa Kongo.

Jioni ile, kwenye soko la komini ya Kenya, mama mmoja muuza bunga alifunga meza yake mapema. Hakwenda kununua sabuni, wala hakutafuta kashne. Alikwenda nyumbani kutafuta mfuko wa plastiki.

Soko lote linamwita Mama Mapasa, kwa sababu ana wana wawili aliowazaa siku moja. Katika mfuko wake mna karatasi nne. Ya kwanza ni ile kadi ya njano ambayo kila Mkongomani msafiri anaijua, ya chanjo ya homa ya manjano, inayoombwa mipakani tangu zamani kabla ya Korona. Ya pili ni kadi ya chanjo ya Korona. Ya tatu ni karatasi ya kifo. Ya nne ni majibu ya kipimo cha Korona ambayo yalikwisha nguvu tarehe 18 mwezi wa sita 2021, saa tatu ya asubuhi. Majirani wamemwambia mara nyingi aitupe hiyo ya nne, haina kazi tena. Anaikunja na kuirudisha.

Mama Mapasa hakuzaliwa Lubumbashi. Ni mtu wa Pweto, kule kaskazini, kando ya ziwa Moero. Mwaka 2017, mapigano yalipozidi, familia yao iligawanyika barabarani, kama zilivyogawanyika familia nyingi zinazosoma habari hizi. Yeye na wanawe walipata nafasi juu ya kamyo la samaki lililokuwa likishuka Lubumbashi. Mama yake mzazi hakuweza kupanda kamyo. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Mudogo wake akasema yeye atamsindikiza mama polepole, na hao wawili wakavuka upande wa Zambia. Walipokelewa kwanza Kenani, kisha mwaka 2018 wakapelekwa Mantapala, kambi iliyofunguliwa wilayani Nchelenge kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia Haut-Katanga na Tanganyika. Wote walifikiri ni jambo la miezi michache.

Lubumbashi ilimpokea kama inavyopokea wengine: chumba kimoja, mkopo mdogo, meza sokoni. Alianza kuchukua bunga na mafuta Kasumbalesa, kilometa kama 90 kutoka mjini. Akazoea mpaka mpaka akajua ni kaunta gani ina foleni fupi. Mara moja kwa mwaka alikuwa anaendelea mbele, Kitwe kwa binamu yake, kisha Mansa, kisha Nchelenge, kukaa juma moja na mama. Kwa ramani ni kuzunguka sana. Njia ya Kilwa, ya kupanda mashua na kuvuka ziwa, ni fupi zaidi. Lakini yeye hakuipenda, na sababu yake itakuja.

Kisha ikaja Korona.

Wenye kukumbuka mwezi wa tatu 2020 wanakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10. Tarehe 23 na 24 Haut-Katanga yote ilifungwa kwa amri ya gavana, na bei ya bunga ikapanda hata kabla watu hawajaingia ndani. Tarehe 24 usiku Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na mipaka ikafungwa kwa watu. Mizigo iliendelea kupita. Mama Mapasa alituma pesa kwa telefone, mtu wa upande wa pili akapakia magunia, shofere akayaleta. Gunia lilivuka Kasumbalesa, mwenye gunia akabaki nyumbani. Alilicheka jambo hilo wakati ule, kwa kuwa bado halikuwa limemgharimu kitu.

Mipaka ilifunguliwa tena tarehe 15 mwezi wa nane 2020. Toka hapo ndipo masharti yalianza kubadilika kama bei ya dola. Zambia ilikubali kwanza majibu ya kipimo yasiyopita siku 14. Baadaye ikataka ya saa 72. Kongo nayo ilikuwa na masharti yake, ya kuingia na ya kutoka. Mwezi wa kumi na mbili Kinshasa ikakataza watu kutembea usiku inchi nzima. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake, na mara nyingi sababu nzuri: ugonjwa wenyewe ulikuwa unabadilika, watu walikuwa wanakufa kweli, na siku 14 ni nyingi mno kwa mtu aliyepimwa leo na kuambukizwa kesho. Haitakuwa haki kusema masharti yalikuwa ya bure. Taabu ilikuwa njia ambayo habari zake zilimfikia mtu wa soko. Mara nyingi alizijua akiwa tayari mbele ya kioo.

Mwezi wa sita 2021, wimbi la tatu likiwa limepamba moto Kongo na Zambia, telefone ililia. Ni mudogo, kutoka Mantapala.

«Yaya, mama anakataa hata uji. Anakuuliza wewe.»

Jumanne tarehe 15, saa tatu ya asubuhi, Mama Mapasa alichukuliwa kipimo puani katika labo moja ya mjini. Alilipa dola ambazo zingemnunulia magunia mawili ya bunga. Wakamwambia majibu ni baada ya siku mbili. Jioni ile ile Rais alitangaza masharti mapya, na kati yake lilikuwamo la vilio: hakuna tena kukesha na maiti, mwili unatoka hospitali moja kwa moja kaburini. Mama Mapasa alisikia hayo redioni akazima. Hakutaka kusikia neno maiti.

Majibu yalitoka Alhamisi jioni, saa kumi na mbili: hana ugonjwa. Siku hiyo Zambia ilikuwa imepata msiba mkubwa. Mzee Kenneth Kaunda, rais wao wa kwanza, alikuwa amekufa Lusaka akiwa na miaka 97. Gari la usiku halikuwepo kwa sababu ya katazo la kutembea. Aliondoka Ijumaa kulipopambazuka. Foleni ya kamyo ilianza mbali kabla ya mpaka, akashuka na kutembea na mfuko wake kichwani. Alifika kwenye kaunta saa tano.

Kijana wa kaunta alimsalimia vizuri. Akasoma karatasi, akaangalia saa ukutani, akaisoma tena.

«Mayo, hii imekwisha.»

«Imekwisha namna gani? Nimeipata jana mangaribi!»

Kijana alimwonyesha kwa kalamu mstari mdogo wa juu, ule wa saa ya kuchukuliwa kipimo. Saa 72 hazihesabiwi toka siku ya kupewa majibu, zinahesabiwa toka puani. Jumanne saa tatu mpaka Ijumaa saa tatu. Alikuwa amepita kwa saa mbili. Karatasi iliyobandikwa ndani ya kioo ilisema hivyo hivyo, kwa Kiingereza. Mama Mapasa anasoma Kiswahili na Kifaransa kidogo.

Yeye alikuwa amehesabu kama wanavyohesabu sokoni. Deni la siku tatu lililochukuliwa Jumanne linalipwa Ijumaa, kabla ya jua kuzama. Hakuna mama wa soko la Kenya atakayekuja kudai Ijumaa asubuhi saa tatu na dakika moja. Kwa hesabu hiyo alikuwa na siku nzima mbele yake. Kwa hesabu ya kioo, labo ilikuwa imekula saa 57 kati ya 72, katazo la usiku na foleni ya kamyo vikala zilizobaki.

Kijana mwingine, wa pembeni, asiye na kaunta, alimfuata akamwambia kwa sauti ya chini kwamba saa inaweza kurekebishwa kwa dola chache. Karatasi za uongo zilikuwa biashara wakati ule, si hapa tu bali ulimwenguni kote. Mpaka Umoja wa Afrika ulikuwa umeweka mfumo wa kompyuta, Trusted Travel, wa kuhakikisha majibu ya wasafiri. Mama Mapasa alikataa. Akapiga telefone kwa mjomba wake, mzee wa Pweto anayekaa Katuba. Mjomba alikasirika.

«Kwa nini haukupitia Kilwa? Watu banavuka na mashua kila siku!»

Jibu lake mama huyu amelirudia mara nyingi, na wakimbizi watalielewa bila kuelezwa: «Mjomba, nilishakimbia mara moja bila karatasi. Sikutaka kuingia tena vile.»

Alirudi Lubumbashi usiku ule kwenda kuanza tena, kipimo kipya, dola mpya. Labo haikufunguliwa mpaka Jumatatu. Mama yake alikufa Jumapili tarehe 20, akazikwa kesho yake.

Katika majuma yaliyofuata mwili wa Mzee Kaunda ulipelekwa jimbo kwa jimbo ili Wazambia wamuage, kisha ukazikwa Lusaka tarehe 7 mwezi wa saba. Binamu wa Kitwe alikuwa akimsimulia kwenye telefone. Mama Mapasa hakuwa na neno juu ya Kaunda, mzee alistahili. Ila kila alipoisikia habari hiyo alikuwa akiuliza swali lile lile: huo mwili, unapita mpakani wapi?

Ijumaa hiyo hiyo ya tarehe 18, mbali na Kasumbalesa, wakubwa wa Umoja wa Ulaya waliandika jina la Marekani kwenye orodha ya inchi ambazo watu wake wangeweza kuruhusiwa kuingia Ulaya hata kwa matembezi. Inafaa kulisema hili, kwa sababu wengi hapa wanafikiri ni Waafrika peke yao waliozungushwa. Ulaya ilikuwa imewafungia Wamarekani toka mwezi wa tatu 2020. Orodha ya kwanza ya kufungua, ya tarehe 1 mwezi wa saba 2020, ilikuwa na Rwanda ndani yake. Marekani, na utajiri wake wote, haikuwemo. Ikaingia mwezi wa sita 2021. Haikudumu: tarehe 30 mwezi wa nane ikaondolewa tena, sababu ugonjwa ulikuwa umepanda kwao. Na orodha yenyewe ilikuwa shauri tu. Kila inchi ya Ulaya iliamua yake, huyu anataka chanjo, yule anataka kipimo.

Kwa hiyo Mmarekani aliyetaka kwenda Paris naye alikuwa na karatasi yake ya kufa haraka. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho Mama Mapasa hakuwa nacho. Orodha ile iliangaliwa upya kila majuma mawili, ikachapishwa, na kampuni la ndege likamwambia kabla hajatoka nyumbani. Tiketi mara nyingi iliweza kusogezwa. Labo iliyompima ilikuwa inajua anakimbizana na saa. Shofere wa Kasumbalesa hasogezi tiketi, na mgonjwa wa Mantapala hangoji.

Kuna na habari ya chanjo. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 mwezi wa tatu 2021, ikasita, ikaanza kuchanja Kinshasa tarehe 19 mwezi wa nne. Watu walikuwa na woga. Dozi kama milioni 1.3 zikatolewa kwa inchi zingine za Afrika ili zisiharibike. Ni vigumu kumlaumu mtu wa kawaida aliyeogopa, redio ya barabarani ilikuwa inasema kila kitu wakati ule: kwamba chanjo inazibua ugonjwa, kwamba inaua baada ya miaka miwili, kwamba wazungu wameitupa kwao. Mama Mapasa mwenyewe aliamini nusu yake. Ajabu ni kwamba hata waliochanjwa hawakuwa wamemaliza taabu. Cheti cha Ulaya kilipoanza tarehe 1 mwezi wa saba 2021, AstraZeneca iliyotengenezwa India, ile iliyotumwa Afrika kwa jina la Covishield, haikuwa kwenye hesabu ya chanjo ambazo kila inchi ya Ulaya ililazimika kuzikubali. Dawa ni ile ile, kiwanda ni kingine. Ufaransa iliikubali katikati ya mwezi huo, na inchi zingine kwa wakati wao. Familia za Lubumbashi zenye watoto Ubelgiji zilijifunza hapo kwamba sindano nayo ina paspoti.

Mwisho wa mwaka 2021 Mama Mapasa alisimama kwenye foleni ya chanjo, akachomwa Johnson, dozi moja. Anasema wazi kwamba hakuchanjwa kwa kuogopa Korona. Alichanjwa kwa kuogopa kaunta.

Mwaka 2022 Zambia iliacha kudai kipimo kwa waliokamilisha chanjo. Mwezi wa saba, wakati wa baridi na vumbi, alipanda tena gari la Kasumbalesa. Alikuwa ameamka usiku mara mbili kuhakikisha karatasi ziko zote. Kwenye kaunta alikuwa kijana mwingine. Alipokea kadi ya chanjo, akaitazama juu juu, akaisukuma nyuma chini ya kioo, akagonga muhuri kwenye paspoti. Haikufika dakika moja. Hakusoma hata tarehe. Mama Mapasa alibaki amesimama palepale, mpaka mtu wa nyuma yake akamgusa bega: «Maman, pita.»

Anasema kama angezuiliwa siku ile pengine asingelia. Alilia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Mantapala, mudogo alimpeleka makaburini. Alikuwa ameweka mawe matatu ili asipotee, kwa maana makaburi yalikuwa yameongezeka na vibao vya miti vinaliwa na mchwa. Walikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Mudogo alieleza siku za mwisho: mama alikuwa anauliza kila gari linalopita barabarani kama limetoka Kasumbalesa. Hakusema hivyo kwa kumuumiza yaya wake. Ila hakulificha pia.

Kisha mudogo akasema jambo lingine. Toka mwisho wa mwaka 2021, HCR ilikuwa imeanza kurudisha Pweto wale waliotaka wenyewe kurudi, na yeye alikuwa amejiandikisha. Kule kuna shamba la baba, na watoto wamechoka kuitwa wageni. Mama Mapasa hakumzuia. Angemzuia kwa neno gani? Mudogo alirudi Pweto mwaka ule ule. Sasa wana wa familia wako Kongo wote, pande mbili, Pweto na Lubumbashi, na aliyebaki ng'ambo ni mama.

Ndiyo sababu ya mfuko. Kati yao wote ni yeye peke yake mwenye paspoti na mwenye kuzoea njia, na kila mwaka, mwezi wa saba au wa nane, anakwenda kupanga mawe upya. Mwaka 2023 alikwenda bila kuulizwa karatasi ya ugonjwa wowote isipokuwa kadi ya njano. Mwaka 2024 alikuwa amekwisha kuweka pesa ya safari pembeni. Ndipo mpaka ukafungwa juu ya bia, ukafunguliwa, na siku hizo hizo redio ikaanza kusema mpox.

Jioni ile alimwaga karatasi zote juu ya meza. Kadi ya njano bado nzima. Kadi ya Johnson imefifia pembeni. Karatasi ya kifo, ambayo mudogo aliipata kambini. Na ile ya saa 72, ambayo kwenye mkunjo imeanza kutoboka, lakini mstari wa saa unasomeka.

Akamwita mmoja wa wale mapasa, ambaye sasa yuko sekondari na anajua Kiingereza cha kutosha, akampa telefone atafute Zambia inasema nini kwa watu wanaotoka Kongo. Kijana alisoma kwa muda mrefu, kidole kikipanda na kushuka. Mwisho akasema hakuona mahali wanapodai karatasi ya mpox. Wanasema watawaangalia wasafiri mpakani, na watu wanawe mikono.

«Iliandikwa lini?» mama akauliza.

Kijana akaangalia. «Leo, maman.»

«Saa ngapi?»